Tiketi ya Familia

Kevina alimuuza mbuzi wake mwenye mimba asubuhi, na kabla ya mchana alikuwa amefika Busia, mpakani, akimuulizia mlanguzi mmoja wa tiketi aitwaye Odeke. Haja yake ilikuwa moja tu. Jumamosi mwanawe Paddy angeichezea timu ya Mwamba ya Tororo katika fainali, mechi kubwa ya kwanza maishani mwake, na Kevina hakuwahi kumwona akicheza tangu enzi za mpira wa magome ya mgomba uani kwao Masaba.

Tiketi ziliuzwa kwa simu, eti ili kila mtu apate sawa. Usawa gani huo? Walanguzi wenye laini za simu mfuko mzima walizizoa zote kabla wakulima hawajatoka shambani, na sasa walikuwa wakiwauzia mpakani Wakenya wenye pesa zao. Kevina alikuwa amempigia Paddy simu.

"Mama, hata sisi wachezaji hatukupewa kitu," Paddy alisema. "Sikiliza tu kwa redio."

Kevina alimwonea huruma mtoto, akaona heri mbuzi aende.

Alimkuta Odeke nyuma ya kibanda cha kubadilishia pesa, akila chapati.

"Ya simu iliisha zamani," Odeke alisema. "Iko moja tu, ya karatasi, ya familia ya wachezaji. Hii kiti mzuri, mama, iko mbele kabisa."

Kevina alitoa pesa zote za mbuzi, akaipokea. Shule aliishia darasa la nne, lakini jina alilompa mwanawe angelisoma hata gizani. Paddy Ojiambo. Chini yake: mama mzazi.

Aliisoma tena.

"Nani alikupa hii?"

"Mchezaji mwenyewe. Alikuja hapa Jumapili. Klabu haijalipa wao posho, njaa nasumbua."

Jumapili. Kutoka Busia hadi Masaba ni safari fupi ya bodaboda tu, na siku hiyo Kevina alishinda nyumbani. Njaa aliielewa, haikuwa ngeni kwake. Ila mtoto kufika karibu namna hiyo, akageuza asimsalimie mamake, hilo lilimchoma kuliko habari ya tiketi. Alitaka kusema. Lakini amwaibishe mwanawe mbele ya mlanguzi? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akaikunja tiketi, akaificha kifuani.

Odeke alidhani anaogopa walinzi wa uwanjani.

"Hapana ogopa, mama. Pale getini wakiuliza, sema tu wewe mama ya huyu kijana. Hebu sema, nisikie."

Kevina alimtazama.

"Mimi ni mama yake," akasema.

Odeke akatikisa kichwa. "Hapana. Hivyo hawataamini. Sema tena."