Mume Mwenza Ndani ya Kompyuta

Fundi Miwani alikuwa ameshashuka ghorofa mbili, sanduku mkononi, mto wa kulalia kwapani, na kikasha cha lenzi za kupimia macho kimening'inia shingoni, alipokutana na shemeji yake anapanda. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Shemeji huyu alikuwa dada mkubwa wa mke wake, na kila Jumamosi alikuja na kikapu cha mboga na habari za ukoo.

"Haya, shemeji. Safari ya wapi na mto?"

"Nahama."

"Unahama kwa mwendo huo? Mtu mwenye hasira hushuka ngazi mbilimbili. Wewe unashuka moja, unasikiliza kama utaitwa."

Fundi Miwani aliweka sanduku chini. Alisema amechoka kuishi na mume mwenza.

Dada mkubwa alicheka mpaka vitunguu viwili vikamtoka kikapuni, vikashuka ngazi vyenyewe. "Sisi wanawake tunaletewa wenzetu wazima, wanakula, wanazaa, na bado tunaambiwa tuvumilie. Wewe mwenzako marehemu! Hali chakula, hagombei kitanda, hana hata pea ya kandambili mlangoni. Na unabeba mto!"

"Anamchekesha," alisema Fundi Miwani.

Hapo dada mkubwa akaacha kucheka, maana hilo lilikuwa kweli.

Mume wa kwanza alikuwa mpima ardhi, na watu walimwita Mpima. Alikufa miaka kumi na moja iliyopita, kwa homa ya siku tano. Mjane wake alikuwa mchapaji. Aliwachapia watu tasnifu, mikataba na wosia, nyumbani, kwenye kompyuta waliyonunua pamoja. Wiki ya tatu baada ya mazishi aliiwasha amalizie kazi ya mwanafunzi, akamkuta Mpima ameketi ukingoni mwa ukurasa, upande wa kulia, ukubwa wa kidole gumba, penseli sikioni, mikono ya shati imekunjwa. Hakuwa na sauti. Alilotaka kusema liliandikika chini ya skrini. Siku hiyo aliandika kwamba neno la tatu, mstari wa pili, limekosewa. Mjane akalisahihisha, wakaendelea na kazi.

Fundi Miwani alielezwa yote haya kabla ya ndoa. Alijibu kwamba kila mtu huja na vyombo vyake. Miaka miwili ya kwanza alipita mbele ya kompyuta akisema "habari za asubuhi", na chini ya skrini kukaandikwa "nzuri".

Kisha siku moja umeme ulikatika kule dukani kwake, akarudi mapema. Nyumbani umeme ulikuwepo. Akiwa bado kwenye ngazi alisikia mke wake anacheka. Alikuwa anakijua kicheko cha mke wake, kifupi, cha adabu, kama cha mtu aliyepokea chenji. Hiki kilikuwa kingine. Kilipanda, kikakwama, kikaanza upya. Fundi alisimama kwenye kizulia cha mlangoni mpaka kikaisha, ndipo akaingia.

"Kuna nini?"

"Ametania tu."

"Ametania nini?"

"Aa, mume wangu, ukielezwa haichekeshi."

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alianza kununua vichekesho kwa wateja kwa kuwapunguzia bei ya fremu, akavileta nyumbani, akavisimulia akiwa amesimama. Mke wake alicheka kile kicheko kifupi. Mpima naye hakuwa malaika. Picha zote za harusi ya pili alizihamisha, akazificha ndani ya folda aliyoiita Viwanja Visivyouzika. Fundi alizitafuta miezi minne.

Macho ya mchapaji yakaanza kudhoofika wakati huohuo. Mwanzoni aliketi sentimita sitini kutoka kwenye skrini. Baadaye aliona maandishi yamefifia, akasogeza kiti nyuma, akaona nafuu. Baada ya miezi sita akasogeza tena. Mumewe alimtunza. Kila nusu mwaka alimvua miwani taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto titini, akaenda nayo dukani, akairudisha na lenzi mpya. Kiti kikaendelea kurudi nyuma. Ikabidi kibodi inunuliwe waya mrefu, akaipakata magotini. Mpima, kumsaidia, akawa anakuza herufi. Kufikia mwaka huu kiti kilikuwa kimegusa ukuta, na ukurasa mzima ulibeba maneno manne.

"Basi sikiliza," alisema dada mkubwa pale kwenye ngazi. "Ile kompyuta imeandika haitapata ulinzi tena baada ya mwezi huu. Inataka ibadilishwe mfumo. Mdogo wangu kila asubuhi anabonyeza 'nikumbushe baadaye'. Kwani unadhani anaogopa nini?"

Fundi Miwani aliokota sanduku, akapanda.

"Umesahau nini?" mke wake alimuuliza, bila kugeuka.

"Mto wa pili," alisema, akaketi.

Mazungumzo yalichukua siku tatu. Fundi alizungumzia virusi. Hakuwahi kuvizungumzia maishani, lakini sasa alivieleza kwa uchungu, kama mtu aliyefiwa na ndugu kwa virusi hivyo. Mke wake alisema mfumo wa zamani haujamkosea kitu. Fundi alisema wateja wanaleta faili zisizofunguka. Hilo lilimchoma, kwa kuwa wiki hiyohiyo wanafunzi wawili walichukua kazi zao wakaondoka nazo.

"Na yeye je?" aliuliza mke.

"Nani?"

"Usijifanye hujui."

"Akitaka kuhama, atahama. Akibaki, amebaki. Mimi nimemfukuza?"

Mpima alisikia yote hayo. Aliketi ukingoni mwa ukurasa anachonga penseli.

Siku ya nne wakamwita Dada Waya, fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, mwanamke mfupi anayetembea na begi la mgongoni na bisibisi za kila aina. Aliamkia, akafungua kompyuta upande, akapuliza vumbi, akatazama skrini.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Mpima.

"MARAHABA," skrini iliandika. Neno hilo lilijaza upana wote.

Dada Waya akatoa daftari. Alieleza kwamba kuna njia mbili: kufuta yote na kuanza upya, au kupandisha mfumo mpya juu ya ule wa zamani. Marehemu wengine huhama vizuri kwa njia ya pili. Wengine huhama nusu, mathalani miguu tu. Kuna mama mmoja kule sokoni alibakiwa na kikohozi cha baba yake na hana raha. Yeye hawezi kutoa hakikisho.

"Futa yote," alisema Fundi Miwani.

"Mashine ya nani?" aliuliza Dada Waya.

"Yangu," alisema mchapaji.

"Basi namngoja mama. Lakini kwanza, mama, herufi hizi mbona kama za bango la barabarani?"

"Macho, binti yangu. Uzee."

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na tatu."

"Hebu niazime hiyo miwani."

Fundi Miwani aliinuka, akasema lenzi hizo ni laini, haziguswi ovyo. Dada Waya alikuwa ameshazichukua. Aliipitisha miwani juu ya kibandiko cha nyuma ya kompyuta, kilichoandikwa kwa maandishi madogo kama sisimizi. Akaisogeza mbele, nyuma, kushoto, kulia. Maandishi hayakukua wala kupungua.

"Mama, hii haina namba, haikuzi kitu. Ni kioo cha dirisha."

Dada mkubwa, ambaye safari hii hakungoja Jumamosi, na alikuwa jikoni anamenya vitunguu, akaja kusimama mlangoni na kisu mkononi.

"Nilikosea kipimo," alisema Fundi Miwani.

Mke wake alihesabu kwa vidole. Miaka minne, kila mwaka mara mbili. "Mara nane?"

Fundi alisafisha koo. Alisema alikuwa akipunguza robo tu. Robo ya namba si kitu, mteja wa kawaida hata haisikii. Alitaka asogee kidogo, basi. Mtu hapendi kumwona mke wake ameinamia kioo, pua kwa pua na mtu mwingine, kutwa nzima. Alisema hayo kwa sauti ya dukani, ile ya kumweleza mteja kwa nini fremu imechelewa.

"Wewe mwanamume ni mchawi wa mchana!" alisema dada mkubwa.

Mchapaji aliigeukia skrini. Mpima alikuwa mtu wa vipimo. Kazi yake yote duniani ilikuwa kujua kitu kimesogea kiasi gani.

"Kila nusu mwaka nilirudi nyuma," alimwambia. "Sawasawa, kama kwa rula?"

Skrini ikaandika: SENTIMITA. Ikafuta. Ikaandika: KUMI. Ikafuta. NA. TANO.

"Kwa hiyo ulijua."

NILIJUA.

"Ukanyamaza."

Herufi zilikuwa kubwa kiasi kwamba jibu lilikuja neno mojamoja, na watu wote wanne mle sebuleni walilisoma pamoja, wakingojea. UKIONA. VIZURI. UTANIHITAJI. WA. NINI.

Fundi Miwani aliitazama skrini kwa mara ya kwanza bila chuki, kama mtu aliyemwona mwenzake amevaa shati kama lake.

Mchapaji alinyoosha mkono. "Kinabonyezwa wapi?"

"Mama, huenda asihame," alisema Dada Waya.

"Nataka faili za watu zifunguke. Wapi?"

Bila miwani yenye namba hakuweza kuona kitufe, na kwa umbali aliokuwapo hakuweza kukifikia. Mumewe akamshika kiwiko, akamsogeza mpaka mezani, akamwekea kiganja juu ya kipanya. "Kulia kidogo. Panda. Hapo." Mpima alichomoa penseli sikioni, akaitia mfukoni, akasimama wima kama mtu aliyeitwa jina kwenye foleni. Mchapaji akabonyeza.

Kazi ilichukua saa tatu. Mduara mdogo ulizunguka, asilimia zikapanda. Mchapaji alikwenda kufua mapazia. Kufikia asilimia sitini Fundi Miwani alikuwa akipiga mluzi. Kufikia tisini alishuka kuchukua vile vitunguu viwili, ambavyo vilikuwa bado chini ya ngazi, akavileta jikoni bila kuombwa. Asilimia mia ilipofika skrini ikawa nyeusi, kisha ya buluu, kisha kipaza sauti kikakohoa.

"Mchana mwema," ilisema sauti ya Mpima. "Huku kuna nafasi."

Alikuwa amehama mzima, na shati jipya. Dada Waya aliandika kwenye daftari, "Amefika salama," akakunja waya zake. Mluzi wa Fundi Miwani ulikatika katikati. Mchapaji, mikono imejaa povu, aliuliza kutoka bafuni kama faili zinafunguka. Zilifunguka zote. Ila katika mfumo ule mpya herufi zilirudi ukubwa wa kawaida, na Mpima hakujua tena mahali pa kuzikuzia. Alisema atatafuta. Hakuonekana kuwa na haraka.

Fundi Miwani aliomba radhi mbele ya dada mkubwa, akapiga magoti, akaahidi miwani mpya kwa siku mbili. Aliileta siku ya pili. Fremu ilikuwa nyekundu, nzuri, inamkaa vizuri usoni. Lenzi hazikuwa na namba. Mchapaji aliivaa, akatazama tasnifu iliyokuwa mezani, akaivua. Kwenda kwa fundi mwingine kungekuwa kumvua mumewe nguo mbele ya mtaa mzima, na mtaa ulikuwa na fundi miwani mmoja tu. Alinunua kwa mchuuzi miwani ya kusomea, ile ya kuning'inizwa kwenye ubao. Fundi aliikuta juu ya friji, akasema imekwaruzika, akaitengeneza. Akanunua nyingine. Nayo ikatengenezwa. Ya tatu ilitengenezwa kabla hajaivaa. Dada Waya alitaka kumwonyesha mchapaji namna ya kukuza herufi. Mpima, kwa sauti yake mpya ya upole, alisema asisumbuke, yeye yumo humo, atamsomea mke wake mwenyewe. Alisoma kurasa mbili, akaanza kusimulia mambo ya mipaka ya mashamba.

Dada mkubwa aliapa hatakanyaga tena nyumba ile. Aliadimika majuma matatu, kisha akarudi Jumamosi na kikapu, na hilo jambo halikuzungumzwa.

Dada Waya alipewa wateja wa kuchapa waliobaki. Sasa ana kompyuta mbili na msichana wa kumsaidia.

Fundi Miwani bado ana duka. Jumapili asubuhi huketi mbele ya skrini, kiti kimesogezwa mpaka mezani, anaongea na Mpima juu ya vipimo. Waliona kwamba wana mengi ya kuambizana. Hata zile picha za harusi zilirudishwa, na walizipitia pamoja, Mpima akisifu suti.

Mchapaji hachapi tena. Hukaa roshanini mchana kutwa. Kwa mbali anaona vizuri mno. Husoma namba ya basi likiwa bado ng'ambo ya bonde, na majirani wa ghorofa zote humpigia kelele kutoka madirishani wakitaka kujua kama lao linakuja. Huwaambia. Hajakosea hata mara moja.