Mkanda wa Manjano

“Bado haijapikwa rangi ya kunishinda mimi,” Wambua aliwaambia wenzake siku ndege zilipofika Thika. “Nikiifunika leo, kesho aliyeipika ataipita bila kuisalimia.”

Ndege zenyewe zilikuwa nne, za kufundishia, kila moja imevishwa mkanda wa manjano kiunoni na mwingine kwenye kila bawa. Maana yake aliijua kila mtu wa uwanjani: anayerusha ni mwanafunzi, mwenye macho akae kando. Lakini mwaka huo wa 1954 zilifungwa mabomu chini ya mbawa ili zipelekwe msituni kuwapiga wapigania uhuru, na mwanafunzi mwenye mabomu si mtu wa kutangazwa. Wambua akaamriwa aifunike mikanda yote kwa rangi ya kijivu kabla ya Jumamosi.

Alipiga msasa, akapaka mara mbili. Sele wa Majengo, mshika makopo wake, alikoroga. Kusema haki, kazi ilitoka safi. Jumamosi ndege ziliruka, zikarudi nyepesi, na manjano hayakuonekana hata chembe.

Jumatatu saa kumi na moja jioni, wafu walifika getini. Walikuwa saba, wamepanga foleni bila kusukumana, na kila mmoja alikuwa na mkanda wa manjano kiunoni. Wambua aliupima mmoja kwa shibiri. Upana ulikuwa ule ule. Rangi ilikuwa imeshuka na mabomu.

“Huko tulikofika tunaitwa wanafunzi,” alisema mzee aliyetangulia. “Watoto waliokufa kwa surua wanatutuma maji. Tufunike, fundi.”

Redio ilikuwa imesema magaidi saba. Kwenye foleni kulikuwa na mzee huyo, wanawake watano wenye mizigo ya kuni mgongoni, na mbuzi. Wambua aliwapaka wote, mbuzi akiwa wa mwisho kwa sababu hakutulia.

Afisa wa kambi alitoka, akatazama, akarudi ofisini kupiga taipu. Kesho yake tangazo lilibandikwa getini: wafu watahudumiwa kuanzia saa kumi na moja hadi kumi na mbili, waje na vipande vyao vya utambulisho, wasikanyage nyasi. Aliagiza pia makopo kumi ya kijivu. Ndege ziliendelea kuruka kila asubuhi, na foleni iliendelea kila jioni.

Huko Ruiru, kwenye laini za nyumba za vibarua wa shamba la kahawa, Wangeci mke wa Wambua alikuwa na swali moja tu. Mama yake aliishi ukingoni mwa msitu, upande wa Kangema, na tangu Pasaka haikuja barua wala mtu. Kila Wambua alipofika, kabla hata hajaegemeza baiskeli, swali lilikuwa limeshamfikia.

“Baba Ndila, umemwona maitu, mama yangu, kwenye foleni?”

“Sijamwona.”

Na kweli hakuwemo. Mimi ninayesimulia nimeipitia foleni hiyo kichwa kwa kichwa, wazee, wanawake, mbuzi, na nasema hakuwemo.

Tena ilikuwa heri asiwemo. Siku zile aliyemlilia mtu wa msituni alihesabiwa kuwa wa msituni. Waceke, jirani wa mlango wa tatu, alimlilia mdogo wake siku moja. Siku ya pili homugadi, wale askari wa kijiji wa serikali, walimpandisha kwenye lori, na maharagwe yake yakabaki jikoni mpaka yakaungua. Hakuna aliyethubutu kwenda kuyaepua. Wangeci alijua yote hayo. Bado aliuliza, na alipouliza alimtazama mumewe mdomoni, si machoni. Wambua alianza kula akiwa ameuelekea ukuta.

Jumapili Sele alikuja kula muthokoi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na shibe haikumpunguzia. Ndege moja ilipita juu ya paa, sahani zikatetemeka, wakangoja ipite.

“Shemeji,” Wangeci akasema, “na wewe pia hujamwona mama yangu?”

“Kwani fundi hakukwambia?” Sele alilamba kidole. “Alhamisi alikuwa wa tatu. Si yule mama mwenye pengo, na kovu la moto hapa mkononi?”

“Ndiye.”

“Basi mume wako ana adabu, shemeji! Alipomwona tu, akageukia ukuta, brashi akanitupia mimi. Atamshikaje mama mkwe kiunoni? Ukambani wangemtoza mbuzi. Nikampaka mimi.”

Wambua hakumtazama mtu. Na mimi ninayesimulia, niliyejisifu kupitia vichwa vyote, Alhamisi hiyo nilikuwa nimegeukia ukuta pamoja naye.

Nje, askari wa shamba alipita karibu na dirisha, viatu vyake vikikwaruza kokoto. Wangeci aliuweka mwiko chini polepole, usigonge. Alingoja viatu vifike laini ya pili.

“Rangi ilimtosha?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Ilitosha, tena ikabaki,” Sele akasema. “Alikuwa amekonda.”