Tope Linalong'aa

Kidoti alikuwa ameubandika ulimi ukutani tena. Mama yake akamvuta, akamfuta midomo kwa upindo wa nguo. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomtisha. Mwaka jana alikuwa na maneno yake: mama, maji, paka, toka. Sasa alibaki kutazama tu, kama mgeni aliyesahaulika sebuleni.

Ukuta huo mama aliukandika mwenyewe. Kukandika nyumba ndiyo kazi yake, na fundi wa kukandika huonja udongo: ukiwa na chumvi, ukuta utabanduka. Tope jeusi la mtaroni, chini ya bomba la karakana ya betri, halikuwa na chumvi. Lilikuwa laini, zito, likikauka linang'aa. Na lilikuwa tamu. Nusu ya mtaa walimwita awakandikie kwa tope hilo.

"Damu ya mwanao ina madini ya risasi, yale ya kwenye betri," alisema bwana afya. Alisimama mlangoni, kitambaa puani, ndani hakuingia. "Huu ukuta unakwanguliwa leo."

"Na bomba la karakana, bwana afya?"

"Mama, karakana ndiyo iliyokukandikia nyumba?"

Vibarua wake wawili wakacheka.

"Nyumba za watu je? Wifi yangu ana mtoto anatambaa."

Bwana afya akasogea, akashusha sauti. "Dawa ya kusafisha damu ninayo ya mtoto mmoja. Ukipiga mbiu watakuja wote, na mimi sitaweza kuchagua. Mdomo huponza kichwa, mama. Safari hii si chako."

Mama akambana Kidoti kiunoni. 

Vibarua walikwangua ukuta mpaka fito zikaonekana kama mbavu. Wakajaza toroli, wakaenda kumwaga palepale mtaroni, nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa machache. Lundo likakaa juu, likilowa polepole.

Wifi yake ndiye aliyetokea kwanza, karai kichwani, mtoto mgongoni.

"Wewe wifi, unatupa mali? Tope limeshakandwa hili, kazi nusu imeisha! Au umetajirika, unahamia ghorofani?"

"Liache," mama alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Eti nini?"

Bwana afya alikuwa ameegemea pikipiki yake, mkoba wa dawa kifuani.  Alifungua zipu ya mkoba kidogo, akaifunga.

"Nimesema... ni zito. Utaumia shingo."

"Shingo ya nani? Toka hapa!" Wifi alicheka, akachutama kando ya lundo. Akachovya kidole, akaonja, kama alivyofundishwa na mama Kidoti mwenyewe.

"Lenyewe," alisema.

Mtoto aliyekuwa mgongoni akanyoosha mkono juu ya bega la mama yake, akakidaka kile kidole, akakivuta mdomoni.