Maji ya Kupeleka Ziwani

Mandari si jambo la kukurupuka, hasa ikiwa wanaokwenda ni watu wa Munje. Tangu Uhuru, lile ziwa dogo ndani ya msitu wa Shimba, ambalo zamani lilikuwa la Wazungu na mbwa wao, lilikuwa la kila mtu, na Munje ilikuwa imeazimia kwenda kulikalia. Uani kwa Bi Mwanapili mikeka ilifungwa ikafunguliwa, na masufuria yalihesabiwa na kila mwanamke, kila mmoja akipata hesabu yake.

Mwero, fundi cherehani wa Kinango, alikuwa amealikwa pia. Posa yake kwa Mwanasha, binti wa Bi Mwanapili, ilikuwa imefika nyumba hii tangu mfungo sita, na jibu lilikuwa halijarudi. Kila alipokuja kusalimu, Bi Mwanapili alimlia hamri machoni, akatafuna taratibu na kulamba vidole. Hilo lilimuuma Mwero kuliko tusi, kwa kuwa, kwa desturi, mama hali mbele ya mkwewe. Safari hii alikuwa amemwambia, "Njoo na cha kwenu."

Mwero hakulala akiwaza cha kwao. Mbuzi? Mbuzi hata Munje wako. Kwao mgeni wa heshima hupewa maji, kwa vile ndiyo hayapatikani. Basi akashuka kwenye basi na debe la maji matamu ya kisima cha babaye, limefunikwa majani yasimwagike.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

"Maji, mama."

Suleiman, kaka yake Mwanasha, akajishika kiuno.

"Mwero, bwana, sisi tunakwenda ziwani."

"Najua."

"Ziwa unalijua lakini? Si lile limejaa maji?" Akawageukia wengine. "Mwacheni. Kesho atakwenda ufuoni Diani na kikapu cha mchanga."

Watu wakacheka mpaka masufuria yakahesabiwa upya. Mwanasha alijifunika uso kwa leso, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mwero alitamani ardhi ipasuke aingie, na debe lake.

Suleiman hakutosheka. Akachota kikombe, akampelekea mamake kwa mikono miwili. "Onja, mama. Maji ya ugenini haya."

Bi Mwanapili alikipokea. Alimtazama Mwero, akalitazama debe na yale majani. Kisha akavuta kanga yake kichwani, akampa Mwero mgongo, akaingia ndani na kikombe. Mwero alijua amekwenda kuyamwaga.

Sauti yake ilitoka nyuma ya pazia.

"Suleiman, adabu yako umeiacha wapi? Lini umemwona mtu akinywa mbele ya mkwewe?"

Uani hakuna aliyecheka. Mwanasha alikuwa ameishusha leso.

"Na hilo debe lipakieni vizuri," Bi Mwanapili akaongeza. "Yasimwagike."