Kadi ya Sandrine

…na wewe usigune, usinikunjie pua kama mtu aliyepewa sombe ya muhogo isiyoiva, watu kumi na wanne wa kanisa moja wanaweza kabisa kuzaliwa siku moja, bibi, binti, mjukuu na mchungaji wao juu yake, wote tarehe mosi Januari, kama hujawahi kupanga mstari kambini mbele ya karani mwenye usingizi basi huna la kubisha, karani anauliza ulizaliwa lini, unamwambia mwaka ule mvua ilipobeba daraja, maharage yalikuwa yanavunwa, naye anaandika mosi Januari na kuita mwingine, umezaliwa tayari, toka… na ndivyo ilivyokuwa tena Jumanne ile ya Novemba, mwaka 2014, katika ukumbi wa michezo wa shule moja pale Beechmont, huku Marekani, yule mama wa Kizungu wa mezani alipoichukua kadi ya Veridiana akaisoma, akaichukua na ya Nyirabeza aliyekuwa nyuma yake akaisoma, akacheka, akamwita mwenzake aje awaone pacha, mmoja mrefu kama mwiko wa ugali wa arusi, mmoja mfupi kama kinu, na Nyirabeza akacheka nao kwa sababu Nyirabeza hucheka na kila mtu, ila Veridiana hakucheka, alipokea karatasi yake ya kura na kalamu nyeusi, akaenda kusimama nyuma ya kisanduku cha plastiki chenye miguu myembamba ya chuma, kinachotikisika ukikiegemea, akavaa miwani, akaanza kutafuta. Majina, majina, majaji kama arobaini asiowajua hata kwa sura, nani anachagua jaji, jaji si anakuchagua yeye… yeye alikuja kwa jambo moja tu, sanduku la chini kabisa, bodi ya shule, wale watu wanaokaa kwenye meza ndefu na kuamua mtoto wa nani asome wapi na mpaka lini, na humo mlikuwa na majina matatu, na la tatu lilikuwa la yule Mkenya, Festus Cheruiyot, kila jina na kiduara kama yai la mjusi cha kujaza wino, na kusudi la Veridiana lilikuwa kujaza yai lolote isipokuwa hilo la tatu.

Kwani hakuwa amesema? Alisema kanisani, alisema jikoni kwa Nyirabeza, alisema kwenye basi kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva, yule Mkenya ndiye aliyemtoa mjukuu wangu shuleni, alikuja Marekani kusoma, akasoma mpaka akatosheka, halafu akafunga mlango nyuma yake wetu wasiingie, na wamama wa kanisa waliitikia kwa ndimi zao, tss, wakaahidi, hakuna hata mmoja wetu atakayempa… na sasa yupo nje, kule ukingoni mwa barabara wanakoruhusiwa kusimama wenye mabango, amevaa koti refu na viatu vya ofisini, baridi inamla, anapiga miguu chini, na walipopita aliinama kidogo, si kidogo, aliinama vizuri kama aliyelelewa, akasema shikamoo Bibi, akaiacha hapo, na Veridiana alikijua vizuri kile anachopaswa kujibu, miaka yote ile ya kambini Tanzania walimfundisha, akampita kama mtu anayepita mbwa wa jirani. Na sasa hiyo shikamoo imeingia naye ndani, imesimama naye hapa nyuma ya plastiki, haitoki… «Mama Veri,» Nyirabeza ananong'ona kutoka kisanduku cha pili, «unaandika barua kwa marehemu mume wako? Bon, tuweke nani?» na mama wa mezani anakohoa, maana hairuhusiwi kusemezana, na Veridiana anaweka ncha ya kalamu kwenye yai la kwanza, jina la Mzungu fulani, halafu kalamu haiendi.

Haiendi, kwa nini haiendi, mkono huu umechinja mbuzi… ni harufu, ndiyo, ni harufu ya hii sakafu iliyopigwa dawa, ndiyo iliyokuwa ofisini siku ile, mwezi wa tano, mwaka juzi, mwalimu mkuu na faili lake jembamba, Festus ubavuni kwa kazi yake ya kuwatafsiria wazazi, na msichana katikati, mikono mapajani, Sandrine, kadi inasema Sandrine, aliyezaliwa mosi Januari 1991. Mwalimu mkuu akasema, Festus akatafsiri, mtoto ametimiza miaka ishirini na moja, sheria inaishia hapo, Agosti asirudi, tunasikitika maana amebakiza masomo ya mwaka mmoja tu na alama zake ni nzuri, na Veridiana akaitikia ndiyo, ndiyo, asante, kwa sababu kwao mwalimu habishiwi, mwalimu akisema mvua inanyesha unaanua nguo. Na hapo ndipo yule Mkenya… hapo sasa, sema, Veridiana, umelisimulia mara ngapi na kila mara unalirukia hapa kama shimo… hapo ndipo yule Mkenya alipoacha kutafsiri, akaweka kalamu yake chini, akamgeukia yeye peke yake, akasema polepole, «Bibi, mimi nimefundisha watoto. Huyu hana twenty-one, hata nineteen hana. Kama birthday iko wrong, niambie leo, tutatafuta lawyer, watu wanarekebisha.»

Akasema hivyo. Na Veridiana alipomshika msichana mkono wakatoka, aliwafuata mpaka kwenye korido, kandokando ya makabati ya chuma ya watoto, akasema tena, Bibi, hakuna atakayekufunga, na Veridiana akajibu, karatasi ndiyo inajua, wewe Mkenya unatafuta nini kwetu, unataka turudishwe wote? Maana kadi moja ikisemwa ya uongo zitakaguliwa zote, ya kwake, ya binti yake Laurentine kule Columbus, uraia waliousubiri na yale maswali mia moja aliyoyakariri kama kasuku, ndivyo alivyoamini, ndivyo wote walivyoamini, mtu hakanushi alichomwambia karani, hata karani akiwa amekufa… mara mbili alimuuliza. Si mara moja. Mlango alioufunga yule kijana uko wapi basi, alikuwa ameushika kwa mikono miwili usijifunge, na yeye Veridiana ndiye…

Ngoja. Mama wa mezani anasema kitu, anauliza kama anahitaji msaada, Nyirabeza anajibu kwa Kiingereza chake cha kiwandani, no problem, no problem, she old, na Veridiana anasikia kwa mbali, kwa sababu yuko kambini, saa sita mchana, jua limesimama juu ya mahema ya wagonjwa wa kipindupindu, na mwanamume mwenye pampu ya dawa mgongoni anamuuliza, huyu marehemu ni nani? Ni mtoto wa miaka sita, amekuwa mwepesi ghafla kama nguo iliyokauka, ni Sandrine. Sandrine mwenyewe, wa kwanza, aliyeandikwa kwenye kadi ya chakula siku walipoingia. Na mgongoni pa Veridiana, amefungwa kwa kitenge, yupo mdogo wa huyo Sandrine, Béatrice, wa miaka mitatu, aliyeletwa na majirani kwa kuchelewa, baada ya mama yao kubaki njiani, akakuta orodha imefungwa, asiyeandikwa hali, kikombe cha unga hakina jina lake… mtu wa pampu anangoja, jua linapiga, na mdomo wa Veridiana, mdomo huuhuu unaosifiwa kwa ukali, ukajibu, «Béatrice. Hayumo kwenye orodha.» Basi mtu akaenda na maiti, na kadi ikabaki na mtu wake, kilo za unga zikabaki, maharage yakabaki, mafuta yakabaki, na mtoto wa mgongoni akaamka akiitwa Sandrine, mwenye miaka sita na meno ya mtoto wa miaka mitatu.

Ungefanya nini wewe, hebu sema… hakuna wa kusema. Alimlisha kwa kadi ya dada yake mpaka ndege ikaja, hilo halijutii, hilo hata mbinguni akiulizwa atajibu kichwa kikiwa juu. Ila kilio. Kwao mwanamke halii hivihivi, halii aa, aa, kama mbuzi, mwanamke analia kwa jina, anamwita aliyekwenda, wewe fulani wangu, umeniacha na nani, na wamama wa kambi walikuja jioni wakakaa chini wapokee kilio chake, na angelia jina gani? Akilia Sandrine, kadi imekufa. Akilia Béatrice, anamlilia mtoto anayemnyonya kidole cha mkono mapajani, na nani anayemlilia aliye hai? Basi akawaambia nendeni kwenu, huyu alikuwa mdogo, si wa kukaliwa matanga, akateremsha turubai la mlangoni kungali mchana, na kwao nyumba yenye kilio mlango hukaa wazi mpaka siku ya kuondoa matanga, ndipo mwenye msiba anaufunga kwa mkono wake mwenyewe, basi, yeye aliufunga kwanza. Wakasema Veridiana ana moyo wa jiwe. Akawaacha waseme. Jiwe lilifaa, jiwe halitaji majina.

Na mtoto asijue mpaka siku ile ya ofisini, walipopanda basi kurudi, msichana ambaye kila siku humjibu kwa Kiingereza akamuuliza kwa Kiswahili, Bibi, nina miaka mingapi, naye akamnong'oneza yote, kati ya kituo na kituo, kama anamtajia bei ya nyanya, una kumi na minane, jina lako Béatrice, hilo lingine la dada yako, usimwambie mtu. Msichana akatazama dirishani mpaka wakateremka. Mwezi wa nane akaenda Columbus kwa Laurentine, akafunga maboksi ghalani, Laurentine akapiga simu kusema huyu mtoto hasemi, anakula amesimama, halafu akaenda Buffalo, mtaa wa Black Rock, wenyeji wetu wamenunua nyumba kule karibu na mto, amepanga chumba kwao, anawageuza wazee wa watu vitandani, yeye aliyetaka kuwa mwalimu wa hesabu. Na siku ya kuondoka kituoni, mkoba begani, alisema jambo moja tu, hakulia, amerithi… alisema, «Bibi, aliyekufa ni yeye ao ni mimi?» Basi likaondoka. Toka siku hiyo simu ni za Krismasi tu, Bibi uko salama, niko salama, bon, na Veridiana anamwita Sandrine, Sandrine wangu, na kila akimwita kuna kimya kidogo kwenye laini, kidogo tu, kama mtu anayesogea kando kumpisha mwingine… alidhani ni mtandao. Miaka hii miwili anadhani ni mtandao.

«Mama Veri,» ananong'ona Nyirabeza, «miguu yangu imekufa. Tunamuweka nani? Banamama ba kanisa bananipigia simu, batafika saa kumi na moja kutoka kazini, banangoja neno lako.»

Kalamu bado iko palepale, juu ya yai la kwanza, imeacha nukta ndogo kama kinyesi cha inzi, haijafika popote, saa ya ukutani haijasogea dakika kumi.

«Weka ule Mkenya,» Veridiana akasema, na hakunong'ona.

«Wee. Si ni yeye alimufukuza mutoto?»

«Mimi ndiye nilimufukuza.»

Nyirabeza akatoa kichwa chake pembeni ya plastiki, kwa mara ya kwanza hana kicheko, na mama wa mezani akasimama, akasema kitu cha upole chenye kukataza, Veridiana akamwinulia mkono, ngoja mama, ngoja, akahamisha kalamu mpaka yai la tatu akalijaza lote, taratibu, asivuke ukingo, si kwamba anampenda, kijana mwenyewe anajisikia na viatu vyake vile, lakini aliuliza mara mbili. Halafu akiwa bado ameinamia karatasi, mgongo kwa watu wote, mdomo wake ukafunguka, ukasema, «Sandrine,» ukasema, «Sandrine wangu, uliniacha juani, nikakuita jina la mwenzio,» kwa sauti ya chini isiyopanda wala kushuka, kama anayesoma kutoka ubaoni, na sauti ikapiga kwenye mbao za sakafu na vikapu vya mpira ikarudi, na Nyirabeza, asiyejua lolote, ila kilio anakijua akikisikia, akaacha kura yake akaja akasimama nyuma yake, akamwekea kiganja mgongoni, hakuuliza ni nani. Mama wa mezani alikaa.

Mashine ikaimeza karatasi. Wakampa kibandiko chenye bendera, akakitia mfukoni, hakibandiki, yeye si boksi. Jioni atapiga simu Buffalo, si Krismasi, na atamwita kwa jina lake, Béatrice, na ikitokea kimya atakingoja mpaka kiishe… na huyo mwanasheria, kama bado yupo, karatasi ikaguliwe, kama ni kurudishwa watamrudisha yeye, ana miaka sabini, au sabini na tatu, au mingine, nani anajua. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, wameusimamisha kwa kabari ya mbao ili watu wapite, na upepo ulikuwa unaingia mpaka kwenye miguu ya wale wamama wa mezani tangu asubuhi, na kule ukingoni mwa barabara aliyeinama alikuwa bado anapiga miguu chini, peke yake na bango lake. Anamdai neno moja, marahaba, si refu. Veridiana akaitoa kabari kwa ncha ya kiatu, akatoka, akaushika mlango kwa mkono wake mwenyewe, akaufunga.