Stoo ya Mama Fardosa

Esekon alikuwa mtu wa kujua kila kitu, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Mthamini wa majengo alipoonekana mtaani Bulla Pesa na futi yake ya kupimia na daftari, hakungoja kuambiwa ametumwa na nani. Kwake yeye, tangu kaunti zianze, anayepima maduka ya watu ni mtu wa kupandisha kodi ya ploti, basi. Haraka haraka akauvua mkanda wa mashine yake ya kusaga unga, akaifunika kwa magunia, akasimama mlangoni na uso wa mtu aliyefilisika.

"Madam, hapa ni nyumba ya panya tu," alimwambia Kagwiria, yule mthamini. "Hii mashine ilikufa kitambo."

Kagwiria akaandika, kisha akaelekeza kalamu mlango wa pili, uliokuwa umefungwa. Hapo palikuwa na hoteli ya Sadia, Mama Fardosa, mjane wa Kiborana, ambaye siku hiyo alikuwa Garbatulla kwenye mazishi. Ndani mlikuwa na friza mbili za maziwa ya ngamia, meza nane na jiko la matofali. Esekon akamwonea jirani yake huruma.

"Hiyo ni stoo," alisema. "Hakuna biashara inafanyika huko."

Jioni alijisifu kwa mkewe kwamba ameokoa nyumba mbili kwa ulimi mmoja.

Miezi mitatu baadaye barua zikaja. Haikuwa kodi hata kidogo. Barabara ilikuwa inapanuliwa, maduka ya upande ule yangebomolewa, na kila mwenye jengo angelipwa fidia kulingana na kile mthamini alichokikuta. Esekon alisoma yake, akaketi juu ya gunia la mahindi. Hasara yake mwenyewe angeimeza. Ya jirani ndiyo iliyomkwama kooni.

Sadia aliingia asubuhi hiyo hiyo, barua mkononi, mashine ikinguruma na wateja watano kwenye foleni.

"Baba Achuka, nisomee hii. Mambo ya karatasi mimi naamini wewe peke yako."

Angeweza kumsomea kitu kingine. Wazo hilo lilimjia kweli, na lilimwaibisha kuliko uongo wenyewe. Akasoma kilichoandikwa: stoo tupu, haitumiki.

"Nani aliwaambia hoteli yangu ni stoo?"

"Ni mimi, Mama Fardosa."

Alisema kwa sauti ndogo, mashine ikaimeza.

"Sisikii."

Akazima mashine. Foleni nzima ikageuka.

"Ni mimi. Nilidhani ni watu wa kodi. Nikasema ni stoo, ndio wakupunguzie."

Masikio yalimwaka moto. Yeye, mzee wa kanisa, msomaji wa barua za mtaa mzima, amesimama mbele ya wateja wake kama mwizi wa kuku.

Sadia hakupaza sauti. Alivuta debe, akaketi, akamwambia aandike hayo yote, na jina lake, na namba ya kitambulisho, maana barua iliwapa siku kumi na nne za kulalamika. Esekon akaandika yote. Kisha akamsomea neno kwa neno, hata pale palipoandikwa "nilidanganya", na wateja wakasikiliza mpaka mwisho.

Sadia akaikunja karatasi, akaitia ndani ya leso.

"Mimi hulipa kodi yangu kila mwaka, Baba Achuka," alisema. "Ungeniuliza."