Kengele ya Arusi Yangu

Baba yangu Barasa alikuwa mpiga kengele wa kanisa la mawe la Thika, na kamba ile aliing'ang'ania kama kupe. Wiki nzima alifanya kazi shamba la kahawa Ruiru, lakini kukiwa na misa, maziko au arusi, haoni mtu. Mama alizoea kula Krismasi bila mume. Mimi sikuzoea.

Nilipochumbiwa na Jeconia, mwaka wa hamsini na saba, nilimwomba baba jambo moja tu: aniingize kanisani yeye mwenyewe.

"Na kengele atapiga nani?"

"Si Dismas yuko?" Dismas alikuwa msaidizi wake.

"Huyo anagonga kama chuma cha kuitia vibarua. Utaingizwa na mjomba wako."

Desturi yetu ilikuwa hii: bibi arusi akifika getini kengele inaanza, na haikomi mpaka afike altareni. Ikikatika njiani, watu husema ndoa nayo itakatika. Baba aliliamini hilo kuliko padri. Nilibishana naye mwezi mzima. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Siku yenyewe nikafika getini, kengele ikaanza, tamu na ya taratibu. Utamu wenyewe ndio ulionipandisha hasira. Nikaketi kwenye ngazi za kanisa na gauni langu jeupe.

"Nelima, ingia," mama akanong'ona.

"Baba aje anichukue."

"Hawezi kuacha kamba na wewe hujafika ndani."

"Basi apige."

Akapiga. Padri akachungulia, akarudi. Jeconia akatoka, akanitazama, akaona afadhali arudi ndani. Wageni wa Ruiru wakaanza kunung'unika kwamba kafyu ya serikali itawakuta njiani. Machozi yalinilenga, lakini sikuinuka. Mapigo yakaanza kuyumba. Mzee alikuwa anachoka. Nilimhurumia, na bado nilimkasirikia.

Halafu sauti ikabadilika. Ko, ko-ko, kimya, ko. Baba akatokea upande wa mnara, shati limelowa, viganja vimechubuka.

"Una kichwa kigumu," akasema.

"Nimerithi kwa nani?"

Akaninyooshea mkono.

Tukaingia. Kila Dismas alipokosea, vidole vya baba vilibana vyangu mpaka vikauma. Tulipofika katikati ya kanisa, kengele ikanyamaza kabisa. Watu wote wakageuka kumtazama baba. Akasimama, macho yake kwenye mlango wa mnara. Nikajua ananiacha.

"Twende, mama," akasema, akaendelea kutembea.